Jina Ndani ya Wimbo wa Baba

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Ukungu umekaa shambani karibu asubuhi nzima. Tumechimba viazi ndani ya tope mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Magunia ni lumbesa kama kawaida. Gunia likijaa unaliongezea kofia ya neti juu, unajaza tena, unashona, unabeba. Hapa Kibirichia kila mtu anailaani lumbesa na kila mtu anaifunga.

Wakati wa chai gari limekwama getini. Tumelisukuma. Akashuka msichana mwenye viatu vyeupe, nyuma yake mwanamume na kamera. Akasema anamtafuta Ireri, kijana wa Kivuti, wa Kiritiri. Wenzangu wakatazamana. Mama Kinoti, mwenye shamba, akamwambia, "Hapa hakuna Ireri, mwanangu. Mmepotea, na mmeniharibia geti."

Hapa mimi ni Josphat. Ningenyamaza wangeenda zao. Sijui kwa nini sikunyamaza.

Anaitwa Stella, ametoka Nairobi. Anatengeneza filamu ya maisha ya baba yangu, huyo Kivuti. Nyimbo zake, jela, pombe, yote. Baba amemkubalia kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Ule wimbo wa mahindi hautawekwa mpaka mimi niseme ndiyo. Si mama, si mtu mwingine. Mimi.

"Bila huo wimbo sina filamu," akasema.

Nikamwambia nina gunia la kushona.

Jumanne, 9 Julai

Kazi mbaya leo. Nimekata viazi vingi kwa jembe. Mama Kinoti ameona, hakusema kitu, na hiyo ni mbaya kuliko kugombezwa.

Niandike huo wimbo nione kama bado unauma.

Ilikuwa ule mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano. Nilikuwa mdogo. Mahindi ya msaada yalishushwa kwa chifu na watu wakaambiwa wangoje. Wakangoja. Baba alikuwa mpakiaji wa mchanga kule mtoni. Wapakiaji huimba ili sepeto ziende pamoja. Mmoja anauliza, wote wanajibu, na pale kwenye jibu ndipo mchanga unarushwa juu ya lori. Siku moja baba akauliza hivi, kwa Kimbeere:

Lori limekuja, limeshusha kwa nani?

Wote: Ireri!

Mtoto analia, chakula kimelala kwa nani?

Ireri!

Wimbo ukatoka mtoni ukaingia sokoni. Ukafika Siakago, ukafika Embu. Watu waliuimba wakilima, wakilewa, wakitoka kanisani. Baba akaja kuchukuliwa na polisi, akafungwa. Alirudi baadaye, mwembamba, na hakuwahi tena kukaa siku nzima bila pombe.

Ireri alikuwa chifu. Alikuwa pia baba ya mama yangu. Na kwetu mvulana wa pili hupewa jina la baba ya mama. Mvulana wa pili ni mimi.

Chifu hakuna aliyeweza kumwimbia usoni. Mimi nilikuwa darasani, karibu. Mtu akipoteza kalamu, mmoja anauliza, "Kalamu imelala kwa nani?" Darasa zima: "Ireri!" Mwalimu alikuwa anageukia ubao ili tusimwone akicheka. Darasa la saba sikulimaliza. Nikapanda huku juu ambako watu wanasema Kimeru na wimbo haukuwahi kufika. Nikatumia jina la ubatizo.

Sitasema ndiyo.

Alhamisi, 11 Julai

Magunia. Manyunyu. Stella amepiga simu, sikushika. Amepiga tena. Mgongo.

Jumapili, 14 Julai

Nimeshuka Ruiri kumwona mama. Anakaa kwa dada yake aliyeolewa huko, anauza maharagwe sokoni. Nilimkuta akipeta. Sikumweleza polepole, nilimwaga yote mara moja.

Hakushtuka. Stella alishamfikia. Akaendelea kupeta.

"Wimbo haukusema uongo, baba," akasema. Mama huniita baba, kwa sababu kwa jina mimi ni baba yake. "Yale mahindi baba yangu aliyachukua. Nilikuwa nikienda nyumbani kwetu napewa debe nirudi nalo. Niliyapika mimi. Na wewe uliyala."

Sikujua hilo. Miaka hii yote nimelia kwa sababu ya mahindi yaliyokuwa tumboni mwangu.

Nikamuuliza basi kwa nini alimwacha baba, kama wimbo ulikuwa kweli. Akaweka ungo chini.

"Angeimba chifu. Angesema tu chifu, nani asingejua ni nani? Lakini yeye akalitaja jina. Kila jioni wale wa mchanga wakipita kwangu, namsikia baba yangu akitukanwa na mtoto wangu akitukanwa, kwa mdomo mmoja. Ningekaa hapo nifanye nini?"

Nilidhani ataniambia nikatae. Hakuniambia. Akasema kama ni hapana, nishuke Kiritiri nikaiseme mbele ya baba, nisimtume msichana wa watu. Akanifungia maharagwe. Dada yake alinicheka kwamba nimekonda kama fito. Nilirudi na hasira na sikujua ni ya nani.

Jumamosi, 20 Julai

Kiritiri. Jua la kwetu nilikuwa nimelisahau. Vumbi, mbuzi, magunia ya makaa barabarani. Mwili wangu wa Kibirichia umekataa, nimetoka jasho kama mgonjwa.

Mgonjwa ni baba. Tumbo limevimba, miguu imevimba, macho ni ya manjano. Alikuwa amekaa chini ya turubai waliloweka watu wa kamera pale mtoni, na gitaa lake la galoni, alilounda mwenyewe kwa mkebe, magotini. Aliponiona akasimama, kwa shida. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona baba akimvulia mtu kofia, hata padre. Nikadhani ni joto.

Stella alileta githeri ya mahindi na maharagwe. Nikala. Baba akakataa kula, akageuza kiti upande mpaka nikamaliza. Nikadhani ni ugonjwa.

Alizungumza akitazama mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele zake za zamani, na sauti ilikuwa ya chini. Nilimuuliza lile nililotaka kumuuliza tangu nikiwa mtoto. Kwa nini jina? Akafikiri.

"Nilijaribu chifu. Halikukaa. Sepeto ilikuwa inaanguka kabla ya mahali pake. Ireri linakaa." Akapiga goti kwa kiganja, mara moja, kuonyesha. "Lilikaa vizuri sana. Sikufikiria kitu kingine siku hiyo. Nilifikiria tu kwamba limekaa."

Nilitaka aseme uchungu wa njaa. Nilitaka aseme aliona haki. Akasema lilikaa.

Halafu akasema, "Naomba ruhusa." Hivyo tu.

Wakaanza kupiga filamu. Vijana wa mchanga walikuwa wamepanga sepeto kando ya lori. Baba alikuwa amemwambia Stella ataimba kwa njia nyingine kwanza, tuone. Akauliza, limeshusha kwa nani? Akajijibu mwenyewe: "Chifu!" Sepeto zikagongana. Kijana mmoja karibu apigwe mguu. Wote wakaanguka kwa kicheko.

"Guka, umesahau wimbo wako?" mmoja akampigia kelele, akimwita babu.

"Huyo si chifu, guka, huyo ana jina lake!"

Baba akajaribu tena. Akaimba chifu. Na wale, ambao hata hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, wakamfunika kwa sauti moja: Ireri! Mchanga ukaruka wote pamoja. Ulikuwa mzuri. Niseme ukweli, wimbo ulikuwa mzuri mpaka nywele za mkono zilinisimama. Baba alikuwa anatikisa kichwa na mkono kuwazuia, wao wanadhani anawahimiza.

Hapo ndipo mzee mmoja wa mchanga akanitambua. Akanishika bega, akageukia wenzake, akicheka vizuri kabisa, bila ubaya wowote. "Si huyu ndiye mwenyewe! Ameleta mahindi yetu?"

Wakacheka. Mimi mwanamume mzima nikawa tena pale darasani.

Nikaenda kwa Stella, kamera ikiwa bado inawaka. Nikasema hapana. Nikasema wimbo utoke wote, usisikike hata mstari. Nikasema kwa sauti ili baba asikie na wale wasikie.

Stella akamtazama baba. Alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Utoke," baba akasema. "Amesema. Utoke."

Jumapili, 21 Julai

Nimerudi. Sikupita Ruiri.

Nimeshinda. Sijui nimeshinda nini.

Jumatatu, 22 Julai

Viazi.

Ijumaa, 9 Agosti

Stella amepiga, leo nimeshika. Ameniuliza mara ya mwisho. Hakunibembeleza. Akasema ana picha za jela, ana majirani wanaoeleza pombe, ana baba akitetemeka mikono asubuhi, lakini akiutoa wimbo hajui atamwelezaje mtu aliyefungwa kwa sababu ya kitu ambacho hakisikiki.

Nikamwambia hiyo ni kazi yake, yeye ndiye amesoma.

Baada ya kukata nilibaki nimeshika simu. Nilitaka kumpigia tena. Ningesema sina kredo ya simu, lakini nilikuwa nayo.

Jumamosi, 30 Novemba

Embu mjini. Filamu imeonyeshwa kwenye ukumbi. Nilimwomba Mama Kinoti ruhusa, nikasema kuna mgonjwa nyumbani. Si uongo.

Watu walijaa. Wengi wazee wa Mbeere, wamevaa vizuri. Niliona walikuwa wamekuja kuimba. Unamjua mtu aliyekuja kuimba, anakaa ukingoni mwa kiti.

Baba alikaa mbele, ndani ya koti la kuazima, mabega ya koti yamekwenda mbali kuliko mabega yake. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Filamu ni nzuri kwa macho. Mto umetoka vizuri. Kisha jirani anasema jinsi alivyokuwa akimwokota baba mtaroni. Mwingine anasema jinsi baba alivyouza mabati ya nyumba. Kaka yangu mkubwa anasema hakuwa na baba, alikuwa na mlevi. Sauti ya Stella inasema aliimba wimbo kuhusu chakula cha msaada, akafungwa. Halafu panaonyeshwa ukuta wa jela. Kimya. Halafu pombe tena.

Watu walingoja. Nilisikia wakingoja. Filamu ikaendelea, wakaelewa hauji. Viti vikaanza kulia. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Na wimbo?" Msichana na mvulana mbele yangu, wa mjini, hawajui chochote, walikuwa wanasikiliza vizuri tangu mwanzo. Mwishoni mvulana akamwambia mwenzake, "Kumbe ni mlevi tu. Sasa film ya nini?"

Alikuwa na haki. Kwa kilichokuwa pale kwenye ukuta, baba ni mlevi aliyefungwa. Ile siku moja ya maisha yake ambayo hakuwa hivyo, niliitoa mimi.

Nje watu hawakumzunguka. Wengine walimpa mkono haraka, kama kwa mfiwa. Nilimngoja karibu na ukuta. Akaja na fimbo yake, polepole. Akavua kofia tena.

"Sasa umepumzika?" akaniuliza.

Nilimtazama nione kama ananisuta. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka kujua.

Nilisema tu avae kofia, kuna upepo. Hakuvaa mpaka nilipoondoka.

Jumapili, 1 Desemba

Nimepita kwa mama. Nikamweleza ukumbi, mvulana wa mbele yangu, swali la baba. Alisikiliza. Kisha akauliza kitu cha ajabu.

"Kule mtoni alivua kofia?"

"Ndiyo. Na jana pia."

"Na chakula? Alikula mbele yako?"

"Alikataa. Aligeuza kiti."

Mama akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

"Basi hakuwa anaongea na wewe peke yako," akasema. "Mwanamume anavua kofia na hali chakula mbele ya nani, baba? Mbele ya mkwe. Baba yangu alikufa hawajasemezana. Hakuwa na mahali pa kumwomba msamaha. Ni wewe tu uliyebaki na lile jina."

Nilikaa hapo. Nilikuwa nimefikiri ananiomba wimbo. Nilikuwa nimefikiri ni mambo ya filamu. Kumbe alikuwa amemjia mkwe wake kwa njia inayotakiwa, na mkwe akamfokea mbele ya watu.

Najua desturi hiyo. Nimeikulia. Kukaa huku na jina la Josphat kulinifanya nione kofia tu.

Nimempigia baba kutoka pale pale, nikimwambia mama asiondoke. Nilimwambia nimekubali, wimbo uwekwe. Akasema ameshukuru. Kisha akasema haiwezekani. Neno alilompa mkwe halirudishwi.

"Lakini ni mimi ninayekuambia," nikasema.

"Najua. Hata kule mtoni ni wewe uliniambia."

Nikampigia Stella. Akasema kwa upole kwamba filamu inaweza kukatwa upya, ingawa ni kazi, lakini si bila mwenye wimbo. Amejaribu naye kabla yangu. Alikuwa amejaribu tangu Agosti.

Mama alikuwa amerudi kwa maharagwe yake. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumatano, 11 Desemba

Palizi. Mvua nyingi, mashina yameshika vizuri. Kichwa kizito. Nimempigia baba kumjulia hali tu. Tumeongea juu ya mvua. Kwao haijanyesha ya kutosha. Hakuna lingine lililosemwa na hakuna aliyekata haraka.

Ijumaa, 17 Januari

Tumeanza kuchimba. Mavuno ni mazuri kuliko ya Julai. Mchana mvua ikatufukuza shambani, tukakaa ghalani kuchagua, vikubwa huku, vya mbegu huku, vilivyokatwa kando. Wengine walienda kuota moto jikoni. Tulibaki mimi na Mama Kinoti.

Akasema binti yake amemwonyesha sinema kwa simu, ya mzee mmoja wa upande wa Kiritiri. "Si huko ndiko kwenu, Josphat? Mzee mwenye gitaa la galoni. Maskini. Pombe ilimmaliza."

Nilichagua viazi kadhaa. Halafu nikamwambia ni baba yangu.

Akasimamisha mikono. Akasema nimsamehe, hakujua. Nikasema hakuna ubaya, aliona kilichowekwa. Nikasema kuna wimbo haukuwekwa, na bila huo haielewiki.

"Wimbo gani?"

Sijui kuimba. Nilimweleza maneno kwa Kiswahili, kwa kuongea tu, kama mtu anayesoma. Nikamweleza sepeto na lori. Nikamwuliza lile swali la kwanza kama baba alivyokuwa akiwauliza, kisha nikampa jibu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtu mwingine hapo aliyelijua. Nikaendelea mpaka mwisho. Wimbo unafika mbali kuliko nilivyokumbuka. Kuna mistari juu ya mwanamke anayengoja na kikapu, nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mama Kinoti alisikiliza akiwa ameshika kiazi kimoja. Akasema kwao pia mwaka ule walingoja hivyo.

"Na huyo Ireri alikuwa nani?" akauliza.

"Babu yangu," nikasema. "Na ni jina langu."

Akanitazama kidogo. Kisha akakitia kile kiazi upande wa mbegu, nami nikavuta gunia lingine karibu.